Dereva wa Makamanda

Kuna mtu anaweza kukukasirisha na hata hajafungua mdomo. Dereva alikuwa wa aina hiyo. Anafika kwa mlango, anasimama, anaangalia viatu kama viko na matope, haviko, anapangusa tu. Anaingia. Anatoka tena kuangalia kama amefunga gari. Wewe uko hapo umemwita kwa jambo la haraka, chai inapoa, na yeye hana haraka. Nimemjua karibu maisha yangu yote na sijawahi kumwona na haraka. Alikuwa nayo mara moja tu, huko mbali, na hiyo mara moja ndiyo iliharibu mambo yetu yote.

Jina alikuwa nalo, kila mtu ako na jina, lakini hapa Kitengela hakuna mtu alilitumia. Mama alimwita Dereva. Pasta alimwita Dereva. Wakati wa kuombea watu kwa majina kanisani, pasta anasema, "Na ndugu yetu Dereva," na Mungu anajua ni nani.

Miaka ya tisini alikuwa anapeleka chakula cha msaada Sudan, na baba yangu alikuwa tanboi wake. Baba alikaa nyuma na mzigo, alifunga turubai, aliweka mawe kwa tairi mlimani, alipika ugali kando ya barabara. Walienda wiki tatu, wiki nne, wakarudi na vumbi ya huko ndani ya masikio. Hiyo kazi ndiyo ilinunua ploti yetu, wakati Kitengela ilikuwa nyasi na nyumbu na watu wa kwetu Ukambani wanamcheka baba kwamba amenunua malisho ya wanyama.

Halafu safari moja, ng'ambo ya mpaka, lori tatu zikasimamishwa. Risasi zikaanza. Dereva akaondoa lori. Vile alituambia, alifikiri baba ako juu ya magunia. Akaendesha mpaka kambi ya chakula, akashuka, akapanda nyuma kuangalia. Baba hakuwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Alikuja kwetu peke yake akakaa kwa stuli ya jikoni akamwambia mama hayo. Mama hakulia. Alimuuliza tu, "Amekufa?"

"Sikuona," Dereva akasema.

Hiyo sikuona yake ndiyo imenizeesha kabla ya wakati. Kwa sababu ploti ilikuwa kwa jina la baba. Ili mama aandikwe, lazima kuwe na karatasi ya kifo, na karatasi ya kifo inataka maiti, ama inataka mtu aliyeona maiti. Chifu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mama alete barua ya yule dereva, mistari miwili, kwamba alimwona baba, Kioko, amekufa, na yeye atapiga mhuri. Mistari miwili. Mtu yeyote angeandika. Jirani wetu mmoja alisema hata yeye ataandika, na yeye hajawahi kuvuka Nairobi.

Dereva alikataa. Hakukataa kwa kelele, afadhali angepiga kelele. Alikalia ile stuli, akakunja mikono, akasema hawezi kuandika kitu hakuona. Mama akamwambia, hata wewe unajua amekufa. Akasema, ninafikiri, sijui. Mama akakaa hivyo miaka yote hiyo, si mke, si mjane. Akienda ofisi ya mashamba Kajiado anaulizwa mwenye ploti ako wapi, anasema hayuko, anaambiwa basi akirudi mkuje pamoja. Na Kitengela ikaanza kuwa mji. Nyumbu wakapungua, mabroka wakaongezeka. Mmoja akaanza kuleta watu kupima ploti yetu kwa hatua za miguu, kwa sababu alisikia mwenyewe hayuko.

Sasa utauliza mbona sikumchukia Dereva. Nilijaribu. Lakini ni yeye alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya kanisa kutengeneza kitu, bawaba, bomba, paa. Nilipotoka shule darasa la nane, ni yeye aliniletea magazeti ya zamani, ananipatia bila kusema kitu, na hayo magazeti ndiyo secondary yangu. Ni yeye aliniletea mashine mbovu ya kuchomelea, ikakaa nyuma ya nyumba mpaka nikaifungua mwenyewe nikajua vile inafanya. Leo nachomelea mageti na ninaandika jina langu kwa kila geti. Kwa hivyo mimi ninaweza kumsema vile ninataka. Wewe ukimsema vibaya mbele yangu, tutakosana.

Baada ya hiyo safari alianza kuhesabu watu. Alikuwa anabeba akina mama wa kanisa kwenda mazishi, wamama wanne, unawaona wote wanne, wengine ni wanene huwezi kuwapoteza, na yeye anazunguka gari, anagusa kila mlango, anahesabu kwa kidole. Mmoja akishuka kununua maji anaanza tena. Walikuwa wanafika maziko kaburi limeshafunikwa. Wakinung'unika anasema, "Kaburi haliendi mahali."

Na alikuwa na mtindo wake wa kuamua kesi, huo ndio ulinichosha kuliko yote. Siku moja nilimpata yule broka na mteja ndani ya ploti, nikarusha jiwe. Halikumpata, lilipata mkoba wa mteja. Kesi ikafika kwa Dereva, sijui ni nani alimwita, alikuwa anaitwa tu. Akatukalisha mimi na broka kwa benchi moja. Akaniambia nianze. Nikasema huyu mwizi anauza shamba la watu.

"Hiyo ni yake," akasema. "Atasema mwenyewe. Anza na yako."

"Yangu gani?"

"Wewe ulifanya nini?"

"Yeye ndiye alikuja kwetu."

"Mwende. Anza na yako."

Tulikaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Mwishowe nikasema, sawa, nilirusha jiwe, na nilikuwa nimelenga kichwa. Nilidhani broka atafurahi. Lakini sasa ilikuwa zamu yake, na Dereva alimwangalia kwa yale macho ya mtu anangoja lori lipoe, na broka akaanza na yangu, akarudishwa, akaanza tena na yangu, akarudishwa, mpaka akasema alijua kuna mama na mtoto hapo, na alijua hawana karatasi, na ndiyo maana alichagua hapo. Alisema kwa mdomo wake, mbele ya mteja. Mteja akachukua mkoba wake akaenda. Broka hakurudi kwa muda mrefu.

Inafanya kazi. Hiyo ndiyo inaudhi.

Sasa hayo ya makamanda. Mazungumzo makubwa ya Sudan yalikuwa kwingine, kwa hoteli nzuri, unayaona kwa televisheni. Hapa kwetu Kajiado kulikuwa na yale madogo. Ng'ambo huko watu wa kusini walipigana na serikali, lakini pia walipigana wao kwa wao, na hiyo ya wao kwa wao iliua watu wengi. Wakubwa hawangeweza kuweka sahihi yao wakati vikundi bado vinapigana nyuma yao. Kwa hivyo makamanda wawili na watu wao waliletwa kwa nyumba ya wageni ya kanisa, nje ya mji wa Kajiado, mahali kuna upepo na miiba na hakuna kitu cha kuangalia, ili waelewane. Dereva aliajiriwa kuwabeba. Kuwachukua uwanja wa ndege, kuwapeleka hospitali, kuwapeleka kanisa, kuwarudisha. Ilianza kama wiki mbili. Ilikaa karibu miaka miwili, wanakuja, wanakasirika, wanarudi kwao, wanapigana kidogo, wanaletwa tena.

Siku ya kwanza kabisa waligombana juu ya kiti cha mbele cha minibasi. Kila kamanda alitaka mbele. Msimamizi wa mazungumzo, mama mmoja mkali wa Nairobi, alipendekeza wapishane, leo huyu, kesho yule. Nani aanze? Wakaanza kugombana hapo. Dereva alienda jikoni, akarudi na gunia la viazi, akaliweka kwa kiti cha mbele, akalifunga mkanda. Makamanda wawili wakapanda nyuma, wote wawili, goti kwa goti. Hilo gunia lilisafiri mbele miezi mingi. Lilikuwa linabadilishwa viazi vikioza.

Mkalimani hakuwa yeye. Waliajiri kijana aliyesoma, Kiarabu chake cha kitabu. Lakini makamanda walikuwa wanaongea kile Kiarabu cha barabarani, cha soko na cha jeshi, kile Dereva alikuwa amejifunza kwa kununua mafuta na kubishana kwa vizuizi. Sasa siku ya tatu, kamanda mmoja, yule mrefu, anasimama anaongea kwa hasira. Mkalimani anasema kwa Kiingereza kwamba mheshimiwa ana wasiwasi kuhusu usalama. Dereva ako mlangoni na funguo mkononi, anangoja kuwapeleka chakula cha mchana. Akakohoa.

"Hakusema hivyo," akasema.

Chumba chote kikamgeukia. Msimamizi akamuuliza amesema nini basi.

"Amesema huyu mwenzake akichoma kijiji chake tena, ataenda kuchoma nyumba ya mama yake. Halafu akasema hapana, hiyo hataweza, kwa sababu huyo mama alimpikia akiwa mtoto."

Yule kamanda mwingine, wa kofia, alikuwa ameinama. Unaona? Kijana mkalimani alikuwa ameondoa tusi ndiyo chumba kikae safi, na akiondoa tusi akaondoa na ile ya mama aliyempikia. Kuanzia hapo Dereva akaletewa kiti. Mshahara ulibaki wa dereva. Nilimwambia adai wa mkalimani, akasema hakuomba kiti.

Mimi nilijua hayo yote kwa sababu alinipatia kazi huko. Geti lao lilikuwa limeliwa na kutu, na madirisha hayakuwa na vyuma. Nilikaa wiki nyingi, nachomelea mchana, nasikiza. Nimesoma hapo kuliko kwa magazeti. Nilidhani amani inafanywa na watu wenye akili wakisema maneno mazuri. Hapana. Ni watu wanabishana siku mbili juu ya neno moja, wengine wanalala kwa kiti, mtu anakataa uji kwa sababu umepikwa na mtu anafanana na kabila fulani. Mlinzi wa geti, Mmaasai mzee, alikuwa ananisalimia asubuhi, "Sopa," ninaitikia, "Ipa," halafu ananiuliza kama wameelewana. Ninasema bado. Anacheka. Anasema sisi tungekuwa tumeshachinja ng'ombe tukapatana.

Hiyo ya kuchinja ndiyo ilimwingia Dereva kichwani, na hapo akafanya kosa kubwa. Wiki moja walikuwa wamekwama kabisa, hawaongei hata na msimamizi. Na hao makamanda wote wawili ni watu wa ng'ombe, unajua watu wa huko, ng'ombe ni kila kitu. Siku ya soko Dereva akawapakia, bila ruhusa, akawapeleka Bisil kwa mnada wa mifugo. Mimi nilienda kununua vyuma, ati kumbe vyuma Bisil hakuna, nilienda kuona tu.

Ningependa ungewaona. Makamanda, na suti za msaada zinawabana mabega, wanatembea katikati ya ng'ombe, wanashika pembe, wanapapasa nundu. Wakasimama mbele ya dume moja jeusi lenye baka jeupe begani. Mrefu akasema kitu. Wa kofia akajibu. Mrefu akacheka. Dereva akanitafsiria kwamba huko kwao dume la rangi hiyo lina jina lake, na kuna nyimbo, na wote wawili wanajua wimbo mmoja. Wakaanza kuimba hapo, sauti ya chini, wazee wa Kimaasai wamewazunguka wanatikisa vichwa. Nikafikiri basi, imeisha, tuandike.

Halafu mwenye dume akauliza ni nani ananunua.

Walirudi Kajiado kila mtu akiangalia dirisha lake. Kila mmoja alisema alikuwa ameliona kwanza. Msimamizi alikuwa amesimama kwa geti langu jipya, mikono kiunoni, alimgombeza Dereva mpaka mlinzi akaondoka kwa aibu. Akamwambia angeweza kupoteza watu wawili ambao vita vyote vinawategemea. Dereva akasema aliwahesabu. Wakitoka na wakirudi.

Siku hiyo hiyo, nikimalizia kupaka geti rangi, yule wa kofia alikuja kuniangalia. Alikuwa amekaa Kenya zamani, Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Aliniuliza nani alinifundisha kuchomelea. Nikasema hakuna mtu. Akauliza baba anafanya kazi gani. Nikasema alikuwa tanboi, alipotelea huko kwao, nikataja barabara.

Akagusa geti, rangi ikamshika kidole. Halafu akasema, bila kiburi, kama mtu anasema alikuwa anaishi mtaa fulani, "Miaka hiyo, hiyo barabara ilikuwa yangu."

Nilimwacha amesimama hapo. Nilimtafuta Dereva nikampata chini ya minibasi. Nikavuta miguu yake.

"Ulikuwa unajua?"

Hakuuliza kujua nini. Akajipangusa, akakaa kwa vumbi. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, aliona jina kwa orodha ya abiria. Miezi minane. Miezi minane alikuwa anambeba, anamfungulia mlango, anamfungia mkanda, na kila Jumapili anakuja kwetu kutengeneza bomba na hasemi. Nilimwambia maneno siwezi kuandika hapa. Nilimwambia nitaingia ndani sasa hivi nimuulize huyo mtu baba yangu ako wapi, mbele ya msimamizi na mbele ya kila mtu.

"Muulize," Dereva akasema. "Atasimama aende. Yule mwingine naye ataenda. Barabara itafungwa tena."

"Na ifungwe."

"Kuna matanboi wanapita huko leo, Mwende."

Nilitaka kumpiga. Bado nikikumbuka ninataka. Aliniahidi wakiweka sahihi tu, siku hiyo hiyo, atamuuliza mbele yangu. Na mimi, ambaye siwezi kungoja chai ipoe, nilingoja mwaka mzima na zaidi. Sikumwambia mama. Hiyo ndiyo yangu, nianze nayo. Mama alikuwa anazungushwa ofisi za Kajiado, broka alikuwa amerudi na sasa ameweka vigingi pembeni ya ploti, na mimi nilijua mahali mtu wa kujibu anakula ugali, na sikumwambia.

Siku ya sahihi haikuwa kubwa. Karatasi saba, kalamu mbili, soda. Walikuwa wamekubaliana kila upande uandike mwanzoni yale uliyofanya wenyewe, vijiji kwa majina, kabla ya kuandika yale utafanya. Unajua hiyo ilitoka kwa nani. Msimamizi aliiita kwa jina refu la Kiingereza, lakini ilitoka kwa ile benchi yetu. Ilichukua miezi mitano hiyo peke yake.

Watu walipoenda kula, Dereva alimwita wa kofia nje, nyuma ya jikoni. Nilikuwa hapo. Akamuuliza kwa Kiswahili, ndiyo nisikie, juu ya lori tatu, msimu gani, mahali gani. Kamanda alifikiria. Hakukataa. Alisema vijana wake walichukua unga. Hawakuwa na amri ya kushika watu. Lakini waliokimbia walipigwa risasi. Akasema anakumbuka kuambiwa kwamba kuna mmoja alibaki, alikimbia akifuata lori likiondoka, halafu akakimbilia majani upande wa mto. Zaidi ya hapo hajui. Majani hayo yalikuwa na watu wengi, hakuna aliyezika wala kuandika.

Kamanda aliniambia pole, mara mbili. Halafu akamgeukia Dereva. Alikuwa amekaa na yeye miaka miwili, alikuwa amefundishwa vizuri.

"Na wewe," akasema. "Wewe ulifanya nini?"

Dereva aliangalia funguo zake. Yule mtu wa kurudisha kila mtu kwa yake, hakujibu. Alisema chakula kinapoa.

Mimi sikuelewa. Nilidhani amechoka.

Wakati huo miaka saba ilikuwa imepita tangu baba apotee, na zaidi, na karani mmoja wa korti akamwambia mama kitu ambacho hakuna mtu alimwambia kabla: kwamba mtu akipotea miaka saba na hakuna habari, hakimu anaweza kusema amekufa. Hakuna haja ya aliyeona maiti. Kunatakiwa tu aliyemwona mara ya mwisho aje aseme alimwona wapi, na hajasikia tena. Yaani hata kwa Dereva hiyo haikuwa ngumu. Ukweli mtupu. Nilimpelekea habari nikifurahi, nikamwambia sasa hiyo sikuona yako imepata kazi. Alikunja mikono. Aliuliza ni siku gani. Akaja siku hiyo na mapema, amevaa koti.

Korti ya Kajiado ni chumba kidogo, joto, watu wa kesi za mbuzi wamejaa kwa mabenchi. Mama alikaa mbele. Hakimu, mwanamke kijana, aliuliza haraka haraka. Unamjua Kioko? Ninamjua. Ulimwona mwisho lini, wapi? Dereva akasema. Umesikia habari zake tangu hapo? Sijasikia. Hakimu akaanza kuandika. Ilikuwa imeisha. Mama alikuwa ameshaanza kufunga mkoba.

"Kuna kitu," Dereva akasema.

Nilijua tu. Nilishika kichwa. Nikasema moyoni, huyu mzee ataharibu, ataharibu hata hii.

Hakimu akamwambia inatosha. Akasema haitoshi. Akasema, "Mheshimiwa, lori ni refu, dereva haoni nyuma. Tanboi anaongea na dereva kwa mkono. Anapiga bodi. Akipiga mara mbili, ni twende. Akipiga mara moja, ni simama."

Hakimu akaacha kuandika.

"Niliwaambia hawa watu nilifikiri ako juu. Sikufikiri. Risasi zikilia nilikuwa nimeshika gia, na nikasikia mkono wa Kioko. Mara moja. Nikasikia vizuri. Nikaondoka."

Watu wa mabenchi walikuwa wamegeuka kumwangalia. Hata wa mbuzi.

"Nilimwacha akiwa hai," akasema. "Hiyo ndiyo nilifanya."

Hakimu aliuliza pole pole kama angesimama ingekuwa nini. Dereva akasema hiyo hajui, hakusimama. Hakimu akaandika, akapiga mhuri, akasema mama arudi wiki ijayo kuchukua karatasi. Kwa sheria hakuna kitu kilibadilika. Karatasi ilitoka, vigingi vya broka niling'oa kwa mikono yangu, ploti ni ya mama mpaka leo.

Lakini siku hiyo hatukuwa tunafikiria ploti. Tulitoka nje kwa jua. Mimi nilikuwa nimejaa mpaka hapa. Nilitaka kumuuliza hizo Jumapili zote zilikuwa za nini, hiyo mashine ya kuchomelea ilikuwa ya nini, na nilijua, na kujua ndiko kulinikasirisha zaidi. Nikafungua mdomo. Mama akanishika mkono, akafinya.

Alimwangalia Dereva, amesimama kama mtu ameshushwa mahali hapajui.

"Alipiga kwa nguvu?" mama akauliza.

"Kwa nguvu."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anapokea kitu chake kilichokuwa kimewekwa kwa jirani. Nilingoja amtukane. Nilingoja amsamehe. Hakufanya lolote la hayo, na mimi ningependa nikuambie alifanya, ingekuwa rahisi.

"Mama yake Kioko bado ako hai," akasema. "Ako Mbooni. Mimi nilimwambia vile wewe uliniambia. Sasa hiyo maneno ni ya uwongo, na ni mimi niliipeleka."

"Nitakupeleka umwambie," Dereva akasema.

"Hapana. Mimi sikubebei hii. Utaenda wewe, uingie, useme kwa mdomo wako."

Dereva akapangusa uso kwa kitambaa. Kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka.

"Mama Mwende, atanifukuza."

"Akufukuze."

"Halafu?"

"Halafu urudi siku ingine," mama akasema. "Si hao makamanda walirudi?"

Alisimama hapo kwa ngazi za korti, anageuza funguo, anaanza kufikiria mafuta, na tairi, na barabara ya Mbooni wakati wa mvua, nilimwona akifikiria, na nilijua ingechukua mwezi.

Nikasema tunaenda Jumamosi, na mimi nitaenda na yeye. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza.